Ubavu wa Kiti cha Dereva

Ukitaka kujua gari limeishi maisha gani, usianze na injini. Injini huoshwa. Rangi hupigwa upya, taa zilizofifia husuguliwa zikang'aa kama macho ya mtu aliyelala vizuri. Fungua mlango wa dereva, chuchumaa, uangalie ubavu wa kiti: ule mwinuko wa pembeni, upande wa mlango, ambao paja lako huupanda kabla hujafika ulikokuwa unaenda. Hapo ndipo gari huandika shajara yake.

Wapanda matatu wenzangu, haya mnayajua bila kufunzwa. Kiti kinachoraruka kwanza si cha dirishani. Ni kile cha upande wa njia, na huraruka pembeni, pale sponji ya manjano huanza kuchungulia. Kila anayeenda dirishani hukipitia. Kila anayeshuka hujisukuma hapo. Hakuna aliyekusudia kukiharibu. Ni makalio tu, yakipita.

Sasa chukua shida hiyo uipeleke kwa gari la spoti, iwe mbaya mara tatu. Gari la spoti liko chini, kwa hivyo huketi bali huanguka. Milango yake ni mirefu, na ukiwa umeegesha kwa ile nafasi ya jumba la maduka iliyochorwa na mtu mwenye chuki, haifunguki hata nusu. Mbavu za viti vyake ni kubwa makusudi, zikushike ukipiga kona. Yaani kile kinachokulinda ukiwa ndani ndicho unachokikanyaga ukiingia na kutoka.

Haya yote nimeyajua kwa sababu ya kodi ya nyumba. Niliacha chuo mwaka wa tatu, muhula wa pili, karo ilipokataa kupatikana na mathe akaanza kuongea kuhusu kuuza ng'ombe ambaye hakuwa wake peke yake. Nilirudi Nairobi na laptopu, na jina la kazi ambalo huficha mengi: mwandishi wa kujitegemea. Nimeandika kuhusu magodoro, bima, dawa ya kung'arisha meno, na hotuba ya harusi ya mtu nisiyemjua. Halafu yadi moja ya magari ikanipa kibarua cha kuandika matangazo. Shilingi 250 kwa gari. Picha nipige mwenyewe.

Yadi hiyo ilikuwa na mzee wa kushughulikia ndani ya magari. Wengine waliosha nje, yeye alikuwa wa ndani: viti, dashibodi, zulia, harufu. Alikuwa ameshona viti vya matatu miaka mingi kabla ya mgongo kumkatalia. Siku yangu ya pili aliniona nikiingia kwenye Toyota 86 kupiga picha ya usukani, akapiga kelele kama nimekanyaga mtoto.

"Binti! Hiyo si boda. Kwani unapanda?"

Akanitoa, akanionyesha. Fungua mlango wote. Geuka, mpe kiti mgongo. Shika ukingo wa paa au nguzo ya mlango, usishike usukani, usukani si mkongojo. Jishushe polepole mpaka makalio yavuke ule mwinuko yatue katikati ya kiti. Miguu bado iko nje. Sasa bana magoti, inua miguu yote miwili, zunguka nayo pamoja, uvukishe kizingiti bila kiatu kugusa kitu. Kutoka ni hivyo hivyo kinyumenyume: rudisha kiti nyuma kwanza, zunguka, miguu yote miwili chini, kisha inuka wima. Inuka, usiteleze. Kuteleza ndiko kunakoua kiti.

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeshafundishwa haya. Shosho yangu alinifunza nikiwa na miaka kumi, siku ya kwanza kuvaa rinda la kanisani: msichana hurudi nyuma, huketi, hubana magoti, ndipo huingiza miguu. Yeye alikuwa akilinda heshima. Mzee alikuwa akilinda ngozi ya kiti. Mwendo ni ule ule mmoja. Nilipomwambia alifikiria kidogo, akasema, "Basi shosho yako angeweza kuendesha Ferrari."

Nikiwa nyumbani usiku nilianza kusoma. Hii ndiyo tabia iliyonibakia ya chuo, kusoma kitu mpaka kiishe hata kama hakuna mtihani. Nikagundua kwamba wakati mwingine ugumu wa kuingia ndio uliochora gari lenyewe. Mwaka 1954 Mercedes-Benz ilionyesha 300 SL pale New York, lile lenye milango inayofunguka kwenda juu kama mabawa. Watu hudhani ni madoido. Kumbe fremu yake ilikuwa wavu wa mabomba membamba ya chuma, na ili liwe jepesi na imara, mabomba hayo yalipita juu sana ubavuni. Mlango wa kawaida haungetosha. Wakauweka juu. Na kwa kuwa kizingiti kilibaki kirefu na kipana, wakaufanya usukani uweze kupinda, ili dereva apitishe mapaja. Fikiria hilo: mojawapo ya magari yanayosifiwa zaidi kwa urembo duniani, na urembo wake ulianza kama jibu la swali la mtu ataingiaje.

Lotus Elise ya mwaka 1996 ilirudia shida hiyo kwa njia nyingine. Chasisi yake ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, na vizingiti vyake ni vinene hivi kwamba unaweza kuketi juu yake unywe chai. Wenye magari hayo huwa na namna zao za kuingia, kama watu wa dini wanavyokuwa na namna za kupiga magoti.

Na tusisahau suruali. Mwaka 1873 Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza ya kutia ribiti za shaba kwenye suruali za kazi, zisiraruke mifukoni. Wazo poa, mpaka watu walipoketi. Ribiti za mifuko ya nyuma zikawa zinakwaruza fanicha na matandiko ya farasi, na kufikia 1937 kampuni ikaanza kuzifunika kwa kitambaa. Vita kati ya jinzi na ngozi ni vya zamani kuliko magari mengi. Vinaendelea pale yadi kila siku, pamoja na mshipi, funguo mfukoni, na ile rangi ya buluu ambayo jinzi mpya huachia kiti cheupe kama deni.

Mzee alinieleza pia kinachoharibika, kwa sababu watu wengi hulinda kitu wasichokijua. Ngozi ya gari la kisasa, kwa kawaida, huigusi yenyewe. Unagusa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa plastiki. Ukiteleza, unaumaliza utando. Ukiisha, unakula rangi. Rangi ikiisha ndipo ngozi hubaki uchi, ikakauka na kupasuka. Sponji ya chini nayo huchoka kwa kukandamizwa, inasinyaa, ngozi inabaki pana kuliko kilicho ndani yake, inakunjika, na mkunjo ndio mwanzo wa ufa. Kwa hivyo mafuta ya kung'arisha unayouziwa kwenye taa za barabarani hayaokoi kitu. Yanateleza tu na kukusanya vumbi. Vumbi na jasho ndio msasa wenyewe. Dawa ni kitambaa laini chenye unyevu, sabuni isiyo kali, brashi laini, na kufanya hivyo kabla uchafu haujaonekana. Halafu egesha kivulini. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na Ikweta iko hapo jirani. Jua letu halina mchezo na kitu chochote kilichopakwa rangi.

Kama kiti ni cha Alcantara, sheria ni nyingine. Watu huiita ngozi lakini si ngozi. Ni kitambaa cha nyuzi za poliesta na poliyurethani, alichokibuni Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray huko Japani mwaka 1970. Hakitaki mafuta kabisa. Kinataka kusuguliwa taratibu na brashi ili nywele zake zisilale na kugandana kama za paka aliyenyeshewa.

Kwa kizingiti na sehemu ya mlango inayopigwa na viatu, kuna filamu angavu ya plastiki, ile ile wanayobandika mbele ya gari kuzuia mawe. Kwa ubavu wa kiti, Mzee alikuwa na teknolojia yake: leso. Anaikunja mara mbili, anailaza juu ya mwinuko wakati gari liko yadini na wateja wanaingia na kutoka kama kwa ofisi ya chifu. Mteja akiondoka, leso inatolewa. Aliipendelea kuliko vifuniko vya viti vya kununua, na sababu yake haikuwa urembo. Viti vingi vya kisasa vina mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa mgongo wa kiti, upande wa mlango, na siku ya ajali mfuko huo hutoka kwa kupasua mshono. Ukiuvika kiti kifuniko kizito kisichotengenezewa hilo, au ukimpa fundi asiyejua aushone ule mshono kwa uzi wa kushonea viti vya matatu, umelinda kiti dhidi ya paja lako na kukinyima nafasi ya kulinda mbavu zako. "Kiti kinashonwa tena," Mzee alisema. Hakumalizia.

Siku moja ikaja Mazda Roadster nyekundu, viti viwili, paa la kitambaa. Japani huiita Roadster, kwingine ni MX-5. Ilizinduliwa Chicago mwaka 1989 na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya milioni moja. Hii yetu ilikuwa ya kizazi kipya, kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingia. Mita ilisoma kilomita 41,000. Bosi aliniambia niandike "imetumika kidogo sana, kama mpya."

Nikafungua mlango, nikachuchumaa.

Ubavu wa kulia ulikuwa umepakwa rangi upya. Ukiangalia kwa mbali, safi. Ukipitisha kidole, unahisi nyufa chini ya rangi, kama makunyanzi chini ya poda. Sponji ilikuwa imesinyaa. Nikamwita Mzee. Aliangalia, akabonyeza mara moja tu.

"Hii gari imeingiwa sana."

"Kwa hivyo mita ni uongo?"

Nilitarajia aseme ndiyo, niwe na hadithi. Akatikisa kichwa. "Mita huhesabu kilomita. Ubavu huhesabu mara. Mtu akienda Mombasa na kurudi ni kama kilomita elfu moja, na labda amekalia kiti mara sita. Mtu akipeleka watoto shule, sokoni, kanisani, hajafika popote na ameketi mara mia."

Nilipiga hesabu kwenye simu. Mtu anayeingia garini mara nne kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni mara 1,200. Kwa miaka minane, mara 9,600. Paja moja, mahali pamoja, mara 9,600. Ubavu uliochakaa basi si ushahidi wa kumfunga mtu. Ni shahidi anayesema, niulize zaidi. Tukauliza zaidi. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika upande mmoja. Usukani uling'aa pale mikono hushika. Mashahidi watatu sasa, na wote hawakuwa wamekaa pamoja kupanga.

Nilimwomba bosi karatasi ya mnada. Magari ya Japani yakiuzwa mnadani hukaguliwa, na karatasi hutaja kilomita, daraja la gari zima kwa nambari, na hali ya ndani kwa herufi: A ni safi, kisha B, C, kwenda chini. Bosi akasema imepotea. Akasema pia, kwa upole unaouma, kwamba mtu ambaye hakumaliza chuo asimfundishe biashara.

Sikumjibu. Niliandika tangazo bila "kama mpya" na bila kilomita. Niliandika mwaka, rangi, gia za kawaida, paa halivuji. Na kati ya picha kumi niliweka moja ya ubavu wa kiti, karibu, kwenye mwanga wa saa tatu asubuhi, unaoonyesha kila kitu.

Aliyepiga simu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja Jumamosi na barua ya sacco kwenye bahasha. Alikuwa ameweka akiba miaka tisa, na kila mtu aliyempenda alikuwa amemwambia anunue plot. Nilimpenda papo hapo. Aliniuliza, "Hii picha ya kiti uliweka ya nini?" Nikamwambia, Mwalimu, muulize bosi karatasi ya mnada, na akisema imepotea, chukua nambari ya chasisi, kuna watu mtandaoni wanaoweza kuitafuta rekodi hiyo kwa ada ndogo. Nikamwambia kile Mzee alisema, kwamba huenda ni safari fupi tu. Nilimpa yote mawili, kwa sababu hayo ndiyo niliyokuwa nayo.

Alirudi Jumanne na karatasi kwenye simu. Mnadani gari lilikuwa na kilomita 87,000. Ndani: C.

Sijui mita ilirudishwa wapi na nani, kati ya Japani, meli, bandari na Ngong Road kuna mikono mingi. Ninachojua ni kwamba Mwalimu aliweka simu mezani kwa bosi bila kupaza sauti, vile walimu huweka karatasi ya mtihani uliofeli, na bei ikashuka. Halafu, na hapa ndipo nilipomwelewa, akalinunua. Kwani shida yake haikuwa kilomita. Alitaka gari, na alitaka kuujua ukweli wa kitu anachokipenda, basi. Mzee alimfunza kuingia na kutoka, mara tano, mpaka akaacha kushika usukani. Akampa leso.

Mimi sikupewa gari lingine la kuandika. Hakuna aliyenifukuza, jumbe tu zilikoma. Wasee wa kuandika kwa kipande mnaujua huo ukimya.

Nimefikiria sana kuhusu lile neno la bosi, na si kwa hasira tu. Ukiangalia karatasi zangu, mita yangu inasoma miaka miwili na nusu, hakuna shahada. Kilomita chache, gari limesimama. Nikijaza fomu ya kazi, hapo ndipo macho ya mtu huishia. Lakini mita huhesabu umbali kutoka kituo kimoja kinachotambulika hadi kingine. Haihesabu mara. Haihesabu usiku niliosoma kuhusu fremu za mabomba za 1954 kwa ajili ya tangazo la shilingi 250, wala hotuba ya harusi niliyoiandika mara saba mpaka bwana harusi akasikika kama yeye mwenyewe. Hayo yote yapo, yameniachia alama mahali fulani, na hayana karatasi. Sisemi shahada ni bure. Ningeitaka, na ng'ombe yule angekuwa wangu ningemuuza mimi mwenyewe. Nasema tu kwamba mwenye kutaka kujua nimetumika vipi atalazimika kuchuchumaa.

Na kuhusu kulinda, sijui tena kama lengo ni kiti kibaki kipya. Nimeona magari ambayo viti vyake bado vina nailoni ya kiwandani, na huwa yananitia huzuni, kama sebule ya jamaa tajiri ambapo wageni huketishwa jikoni. Kuketi vizuri kunakupa miaka zaidi ya kuketi, hiyo tu. Ubavu utaisha. Tofauti ni kama utaisha kwa safari zako au kwa uzembe wako.

Mwaka mmoja baadaye Mwalimu alinitumia picha. Ubavu alikuwa ameushonesha upya kwa fundi aliyeujua mshono wa mfuko wa hewa, alimhoji kama mwanafunzi kabla ya kumpa kazi. Leso iko mahali pake. Filamu kwenye kizingiti haina mkwaruzo. Lakini upande wa abiria, kwenye plastiki ya mlango, kuna alama ndefu nyeusi ya kisigino. Ni ya mamake, aliandika. Ana miaka sabini na mmoja na hajawahi kukaa kwenye gari lisilo na paa. Alikataa kufunzwa, akashika mlango, akashika kioo, akashika nywele za binti yake, akaingia kichwa kwanza huku akicheka, na wakaenda mpaka Naivasha.

Alama hiyo hutoka kwa sabuni kidogo na kitambaa. Mwalimu anajua. Alisema hataigusa.